Mkole na Mwali: Kichaka cha Nchi Kavu Chini ya Uluguru

Mtu akitaja miti ya Uluguru, mara nyingi anaitaja ile ya juu. Anataja msitu wa ukungu unaoanza pale mashamba yetu yanapokomea, ule ambao Wajerumani waliuwekea mipaka mwaka 1909 na serikali ikaufanya Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008. Ndiko yanakotoka maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Ndiko anakoishi ndege mmoja asiyepatikana kwingine popote duniani, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Sifa hizo ni haki yake. Ila mimi nimezaliwa chini, upande wa Mikese, ambako masika yakigoma hakuna ukungu wa kumwokoa mtu, na mti uliotulea sisi hausifiwi na yeyote. Mti wenyewe ni mkole.

Nauita mti kwa mazoea. Mkole ni kichaka: mashina mengi yanatoka chini kwa pamoja, na kimo chake kwetu ni kama mara mbili ya mtu mzima, mara chache zaidi ya hapo. Wataalamu wa mimea wameiweka mikole ya kila namna katika jenasi moja iitwayo Grewia, jina ambalo Linnaeus alilitoa kwa heshima ya Nehemiah Grew, daktari Mwingereza wa karne ya 17 aliyekuwa akipasua mashina ya mimea na kuyachungulia kwa hadubini. Kwetu jina mkole linabeba aina kadhaa za jenasi hiyo. Ninayoisema zaidi hapa ni ile yenye jani la rangi mbili, Grewia bicolor, ambayo imeenea katika nchi kavu za Afrika kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, ikavuka mpaka Uarabuni na India.

Nilifundisha sayansi shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na somo la majani nililianza kwa mkole kila mwaka, kwa sababu haudanganyi. Chuma tawi moja uliangalie. Mishipa mitatu mikubwa inaanzia mahali pamoja, pale jani linapokutana na kikonyo chake. Juu jani ni kijani. Ukiligeuza, chini ni jeupe kana kwamba limepakwa unga. Weupe huo ni vinyweleo, vidogo sana, vilivyolala kwa msongamano, na kazi yake ni kuzuia maji ya jani yasipotee upesi juani. Kiangazi kikizidi, mkole unapukutisha majani yote na kusubiri. Mvua zikirudi unachanua. Maua ni ya njano, madogo, yenye harufu tamu, na kila ua lina vipande vyembamba vya nje vinavyojikunja kwenda nyuma, na katikati shada la nyuzi za chavua. Saa tatu asubuhi, siku ya jua baada ya mvua, simama karibu na mkole uliochanua: utausikia kabla hujauona, kwa wingi wa nyuki.

Tunda lake halizidi njegere. Linaanza kijani, linakuwa rangi ya chungwa, kisha linaiva likawa jekundu la kukoza karibu na weusi. Nyama ni nyembamba, tamu, yenye ukakasi kidogo mwishoni, na ndani kuna kokwa gumu. Hatukuwa tunalitafuna. Tulikuwa tunajaza kinywa, tunanyonya, tunatema kokwa. Lisipoliwa halianguki lote. Mengine yanakauka kwenye tawi na kubaki humo miezi ya ukame, wakati porini hakuna kitu kingine kitamu. Ndiyo maana mkole una wageni wengi kuliko miti mikubwa inayousimamia.

Wageni hao nawajua vizuri. Shore na pasa wanakuja asubuhi na mapema, makundi kwa makundi. Ninga na hondohondo wanafuata. Tumbili na nyani hawana saa maalumu. Usiku anapita fungo, na yaliyodondoka nguruwe pori anayaokota. Kokwa linapita tumboni mwa wote hawa na kutoka zima, likiwa na mbolea yake, mbali na mti uliolizaa. Hiyo ndiyo njia ya mkole ya kusafiri. Majani nayo yana wenyewe: katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo barabara kuu ya Iringa inaikata kwa takriban kilomita 50, tembo, twiga, tandala na swala pala wote wanaula mkole, jani na kitawi. Mbuzi wetu vilevile. Na chini ya kichaka, pale mashina yanapobanana, kwale na kanga wanaficha mayai, na paa wanalala mchana. Binadamu hayuko nje ya orodha hii. Kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanaliita tunda hili kongolobe, nalo limo katika vyakula vyao vikuu vya porini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Sisi Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, pamoja na jirani zetu Wazaramo, Wakutu, Wakwere na Wakaguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi inapita humo humo. Kwa hiyo binti akivunja ungo halikuwa jambo la nyumba moja. Ukoo mzima ulikuwa umepata mtu wa kuuendeleza. Aliitwa mwali, akawekwa ndani. Zamani za bibi yangu kuwekwa ndani kulichukua miezi mingi, na kwa wengine mwaka ulikatika. Mwali haonekani mchana, hashiki jembe, analishwa na kufundishwa na somo wake. Wapo waliopewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa chenye kishungi na kiwiliwili kisicho na mikono, wakitunze kama mtu anavyotunza mtoto. Vinyago hivyo leo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ndani ya vioo, na watu wanalipa kuviona.

Kisha inakuja siku ya mkole. Wanawake wanamchukua mwali, wanatoka naye kijijini hadi penye mkole, na ngoma inachezwa pale chini yake. Yanayosemwa pale ni ya wanawake na sitayaandika. Nilimwahidi somo wangu, na ahadi ile bado ninayo. Lakini kuwapo kwa mkole katika ngoma ya mwali si siri. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo kijijini Bunju miaka ya 1960, ameueleza mkole wa Wazaramo katika kitabu alichokitoa mwaka 1970. James Brain aliiandika ngoma ya mwali ya Waluguru mwaka 1978. Nimesoma kazi hizo kwa heshima, ingawa pale wanapochambua ishara kwa kurasa nyingi, bibi yangu angemaliza kwa kukushika mkono na kukupeleka kwenye kichaka chenyewe.

Maana sababu zinazoweza kusemwa hadharani zinaonekana kwa macho. Tawi moja la mkole linabeba matunda yasiyohesabika. Gamba lake ukiliponda na kulilowesha linatoa utelezi. Mkole ni ndugu wa mlenda na bamia, na mwanamke yeyote aliyewahi kuzaa au kuzalisha anajua utelezi unaombewa nini. Fimbo yake unaweza kuipinda mpaka ncha zikaribie kukutana isivunjike. Na ukiukata hadi chini, mvua ikija unachipua mashina mengi kuliko uliyoyakata. Mwali anasimamishwa mbele ya kitu chenye sifa hizo zote, katika msimu ambao hata mahindi yamenyauka. Sijui ni mwalimu gani wa darasani angechagua kielelezo bora kuliko hicho.

Bibi, mzaa mama, alikuwa na amri moja isiyojadiliwa: mkole uliochezewa mwali haupigwi panga. Kamba utakata kwingine. Fito utakata kwingine. Wanaume walitii, na wala haikuwa amri nyepesi kwao, kwa sababu mkole ulikuwa duka lao la vifaa. Chipukizi refu, lililonyooka, likikatwa wakati wa mvua, gamba lake linavuliwa kutoka shinani hadi nchani kwa mvuto mmoja. Unakwangua ngozi ya nje, unaloweka utepe wa ndani, unausokota pajani, na hiyo ndiyo kamba iliyofunga fito kwenye nguzo za nyumba zetu kabla misumari haijawa kitu cha kila duka. Mti wake ulitoa upinde, mpini na fimbo ya mzee. Hata hivyo mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli juu ya shamba la ukoo, alipolima karibu na mkole wa ngoma aliuzunguka kwa jembe na kuuacha katikati ya mtama. Alifanya hivyo mpaka uzee ukamweka chini.

Nawaomba wasomaji waitazame hesabu hiyo. Hakuna aliyesema anahifadhi kitu. Lakini penye kila kundi la nyumba palikuwa na mkole mkubwa usioguswa, unaozaa mwaka hadi mwaka, na shore na nyani wakibeba kokwa zake mpaka kwenye mashamba yaliyolazwa. Kutoka hapo mikole mipya iliota, ikakatwa kamba na fito, ikaliwa na mbuzi, na bado haikuisha, kwa sababu mama yao alikuwa salama.

Milima yetu inajua na ulinzi wa namna nyingine. Kusini huko, Kolero, liko pango la Kolelo, ambako watu walitoka mbali, hata Uzaramo, kwenda kuomba mvua. Mmisionari Martin Klamroth aliandika habari zake mnamo mwaka 1910. Na Kinole yuko Kingalu, cheo cha mwenye mvua kinachorithiwa hadi leo. Mahali pa namna hiyo palilindwa kwa hofu na kwa sadaka, na wakuu wa serikali zote, tangu Wajerumani, walijua pana wenyewe. Mkole haukuwa na pango wala mganga. Ulilindwa na wanawake kwa ngoma yao, na kwa kuwa ngoma ile haikuwa ya wanaume kuisimulia, ilipoanza kupungua hakuna ofisi iliyoandika kwamba kitu kimepungua.

Kupungua kulianza na reli. Garimoshi lilifika Morogoro Desemba 1907, na reli ilileta mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 nchi kavu ya Tanganyika ikageuzwa mistari ya mkonge, na kwetu ikawa Ngerengere, Kingolwira, Kimamba. Wenye mashamba hawakukosea kuchagua ardhi. Mkonge unataka jua, tambarare na ardhi isiyotuama maji, yaani kile kile ambacho mkole unakitaka. Vichaka vilifyekwa na kuchomwa kwa maelfu ya ekari. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na kamba ya mkole ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha wazee. Kisha nailoni ikaja, bei ya mkonge ikaanguka, na hata mashamba yale mengi yakaachwa.

Waingereza nao walikuja na hifadhi yao. Miaka ya 1950 walileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, kwa amri na kwa faini. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Udongo wa Uluguru ulistahili kutunzwa, hilo silipingi. Ninachokiona ni kwamba katika mipango yote hiyo, ya Wajerumani na ya Waingereza, kilichohesabiwa kilikuwa maji, udongo na mbao. Kichaka cha chini, kisicho na ubao hata mmoja, hakikuwa na safu yake katika daftari.

Pigo nililoliona kwa macho yangu lilikuwa la kuhamia vijijini, miaka ya 1973 hadi 1976. Tuliambiwa tukae pamoja, karibu na barabara, shule na zahanati. Shule na zahanati tulizipata, na mimi ni mmoja wa waliofaidika. Lakini mkole wa ngoma hauhami. Ulibaki mahame, pamoja na miembe na makaburi, na baada ya muda mahame yale yakagawiwa watu ambao bibi zao hawakuwahi kucheza pale. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza, na kumweka mwali ndani miezi mingi kukawa hakuwezekani tena. Hilo nalifurahia. Desturi ya kumtoa binti ndani na kumkabidhi kwa mume kabla hajajua dunia sitaki irudi, na nimegombana na ndugu zangu mwenyewe juu ya wanafunzi wangu. Ngoma ikahamia likizo, Juni au Desemba. Siku hizi, mjini hasa, inachezwa uani chini ya turubai, kwa spika na sare za khanga, na mkole ni kitawi kilichokatwa mahali fulani kikachomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Kesho yake kinatupwa.

Huku nyuma, nchi ya mkole inaendelea kufyekwa. Mkaa wa Dar es Salaam unatoka pande zetu, magunia yake yamepangwa kandokando ya barabara kuu kwa yeyote kuyaona. Mkole wenyewe ni mwembamba mno kwa tanuri. Unakatwa kwa sababu uko njiani, na msimu unaofuata panalimwa ufuta. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, viwanja vinapimwa kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na katapila likiingia haliachi shina. Wanaoshangaa nyani kuvamia mahindi, au asali kupungua mizingani, wajiulize nyani hao walikuwa wanakula nini kabla, na nyuki walikuwa wanatembelea maua gani.

Habari njema ipo, na nimeikuta mahali nisipopatarajia: kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa. Ingia leo katika shamba la zamani ambalo halijauzwa, katikati ya mistari iliyozeeka utakuta mikole, mingine imenipita kimo. Hakuna aliyeipanda. Ilikuja tumboni mwa ndege. Wafugaji wa nyuki wa jirani wameshajua na wanatundika mizinga yao huko. Miti michache ya ardhi yetu ina uwezo huo wa kurudi bila kudai chochote, ila kuna sharti moja: lazima ndani ya mwendo wa ndege ubaki mkole mmoja mkubwa unaozaa.

Kwa hiyo wewe uliyenunua kiwanja Mikese, Kingolwira au Ngerengere, kabla hujamwita mtu wa katapila zunguka eneo lako na ugeuze majani. Ukikuta kichaka chenye jani jeupe kwa chini na mishipa mitatu, uache kwenye mpaka. Hautaki maji yako, na ukihitaji fito kata mashina machache tu, utachipua tena. Walimu wenzangu mlioko kazini, mnaopanda uzio wa maua ya kigeni na kuumwagilia kwa ndoo mwezi wa tisa, pandeni mkole. Na kina mama wa ukoo, mkimtoa mwali Desemba hii, msilete kitawi kwenye ndoo. Mpelekeni kwenye mkole ulio hai, hata kama ni mwendo wa saa nzima, na mkimaliza ngoma mpitieni mwenye shamba mumwambie asiukate.